Ukifika Utupigie

Kwetu Ngamiani, mjini Tanga, msafiri hakuhesabiwa kuwa amefika mpaka mtu mwingine alete habari zake. Nyumbani hapakuwa na simu. Ukienda Dar es Salaam, basi lililokupeleka ndilo lililorudi na salamu: kesho yake jioni kondakta alipiga hodi, akasema binti yenu nimemshusha Kisutu, mjomba wake kampokea, akapewa maji akanywa, akaenda zake. Mama hakuuliza zaidi. Hata siku basi lilipochelewa aliendelea kuchambua mchele wake, maana wakati ule kila kitu kilichelewa. Watu wakisimulia zamani husema ilikuwa mateso ya kusubiri. Mimi nakumbuka watu wasiojua kitu, na kwa kutojua kwao wakalala usingizi.

Nilipohamia London desturi ilibaki ile ile, ila sasa ilikuwa na gharama. Jumapili nilinunua kadi ya simu duka la kona, nikakwangua namba za siri, nikabonyeza tarakimu zisizokwisha, kisha sauti ya mashine ikanitajia dakika nyingi ambazo kadi haikuwahi kuzifikisha. Mama nilimpata kupitia mwenye duka wa barabara ya kumi na mbili, aliyemtuma kijana akamwite. Nusu ya kadi iliishia kwenye kelele za dukani: huyu anataka sukari robo, yule anadai chenji yake.

Alhamisi ya 7 Julai 2005 mji ulikuwa bado unasherehekea. Jana yake London ilikuwa imeishinda Paris na kupewa Olimpiki ya 2012. Nilikuwa jikoni Holborn, kwenye mgahawa wa sandwichi na supu za watu wa maofisini. Zamu yangu ilianza alfajiri, na kwa sababu hiyo tu sikuwamo ndani ya treni saa tatu kasorobo. Habari ya kwanza ilikuwa ya hitilafu ya umeme kwenye reli za chini ya ardhi. Tuliiamini, tukaendelea kukata nyanya. Kumbe mabomu matatu yalikuwa yamelipuka karibu kwa pamoja, mnamo saa tatu kasoro dakika kumi: treni moja karibu na Aldgate, nyingine Edgware Road, ya tatu kwenye handaki jembamba kati ya King's Cross na Russell Square. Karibu saa moja baadaye, saa tatu na dakika 47, basi namba 30 likapasuliwa pale Tavistock Square. Tangu hapo hakuna aliyezungumzia umeme tena.

Kila mtu mgahawani alishika simu yake ya mkononi, na kila mtu akaambulia mlio wa laini iliyojaa. Mitandao ilikuwa imeelemewa na mji mzima unaouliza swali moja. Baadaye ripoti ya Baraza la London ilikuja kueleza kwamba polisi wa eneo la City walikuwa pia wameagiza mtandao mmoja, O2, uwafungie raia kwa saa kadhaa umbali wa kilomita 1 kuzunguka Aldgate, ili waokoaji wapate nafasi. Naelewa sababu. Lakini humo ndani ya hiyo kilomita kulikuwa na watu waliotoka handakini na masizi usoni, ambao jambo la kwanza walilolitaka ni kusikia sauti ya mtu wa kwao.

Simu ya mezani ya mgahawa ilikuwa hai, ila ilifungwa isipige nje ya nchi. Tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nilimpigia mlezi wa mwanangu, Forest Gate, halafu binamu yangu aliyekuwa akiishi Reading. Nikamwambia: niko kazini, sijapata kitu, treni zimesimama, natembea kwenda nyumbani. Binamu akakwangua kadi yake, akampata kaka yetu Kariakoo, akamwambia yuko salama, anatembea. Kaka akampigia mwenye duka wa barabara ya kumi na mbili, akamwambia ametoka salama, anaweza kutembea. Mwenye duka akamtuma kijana. Kijana akafika kwa Mama akitweta, akasema: kaokolewa kwenye treni, na miguu haikukatika.

Mimi huku sina habari, nilikuwa njiani na maelfu ya wengine. Andagraundi yote ilikuwa imefungwa, na mabasi ya katikati ya mji yameondolewa hadi alasiri. Tulitembea katikati ya barabara, wanaume na tai zao mfukoni, wanawake wameshika viatu vya visigino mkononi; wenye maduka ya viatu siku ile waliuza raba kama maandazi ya asubuhi. Polisi walitugeuza kabla ya Aldgate, tukazungukia Tower Hill, tukatokea Whitechapel, mbele ya Hospitali ya Royal London ambako majeruhi wengi wa Aldgate walipelekwa. Kuanzia Mile End mabasi yalikuwepo, lakini wengi wetu tuliyaacha yapite. Hatukushauriana. Basi likija, watu walilitazama ghorofa ya juu, wakaendelea kutembea.

Jioni nilimkuta mwanangu amelala na chakula hajamaliza. Nikanunua kadi, nikapiga dukani, na kwa mara ya kwanza sikusubiri kijana atumwe: Mama alikuwa ameketi pale pale dukani na nusu ya mtaa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mguu upi?"

Ilinichukua dakika zote za kadi kumshawishi kwamba nina miguu miwili, kwamba hata ndani ya treni sikuwamo. Nadhani majirani walivunjika moyo kidogo. Walikuwa wameshasoma dua, na mama mmoja alikuwa ameahidi kuchinja kuku.

Tuliweza kucheka kwa sababu kwetu ujumbe ulikosewa upande wa kheri. Waliouawa na mabomu yale walikuwa 52, na waliojeruhiwa walizidi 700. Namba ya polisi ya kuulizia ndugu ilifunguliwa alasiri, ikaelemewa mara moja. Watu walizunguka hospitali na picha. Kuta za King's Cross zikajaa nyuso. Jumatatu yake, mama mmoja wa Nigeria, Marie Fatayi-Williams, aliyekuja kutoka Lagos kumtafuta mwanawe Anthony, alisimama karibu na Tavistock Square ameshika picha yake, akauliza mbele ya kamera za dunia mwanangu yuko wapi. Alikuwa kwenye basi lile. Mama alimwona kwenye televisheni ya jirani. Hakufahamu Kiingereza na hakuhitaji tafsiri. Tangu siku ile habari za kuletewa na kijana hakuzitaka tena. Alitaka sauti yangu mwenyewe. Kaka akamnunulia simu ya mkononi.

Baada ya wiki mbili mabomu mengine manne yalishindwa kulipuka, watuhumiwa wakiwa vijana wa asili ya Pembe ya Afrika, na kesho yake polisi wakampiga risasi Jean Charles de Menezes, fundi umeme wa Brazil asiye na hatia, ndani ya treni kituoni Stockwell. Wasia wa Mama kwa simu ukageuka: mwambie binamu yako asibebe begi mgongoni. Zamani alikuwa anaogopa treni tu. Mwezi huo huo watu wakaanza kuhifadhi simuni namba ya ndugu wa kupigiwa wakati wa dharura, wazo la mhudumu mmoja wa gari la wagonjwa. Nami nikaweka ya kaka. Sijui wahudumu wa London wangempigia muuza vitenge wa Kariakoo wamwambie nini.

Halafu mambo yakaenda mbio. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika pwani yetu kupitia chini ya bahari. Mwaka 2012, kwa ajili ya Olimpiki ile ile, vituo vya andagraundi vikaanza kuwekewa Wi-Fi. Kadi za kukwangua zikatoweka kwenye maduka ya kona bila mtu kuziaga. Familia ikawa na grupu la WhatsApp, lenye picha za harusi, dua za Ijumaa na dawa za vitunguu saumu.

Ijumaa ya 15 Septemba 2017, saa mbili na ushei asubuhi, bomu la kutengenezwa kwa ndoo lilishika moto ndani ya treni ya District, kituo cha Parsons Green. Halikulipuka sawasawa. Watu kadhaa waliungua, wengine wakaumia katika kukanyagana, hakuna aliyekufa. District ndiyo reli yangu, ila mimi nilikuwa upande wa pili wa mji, handakini, na simu haikushika mtandao. Nilipotoka juu ilitetemeka mpaka nikadhani imeharibika. Picha ya ndoo inayowaka ilikuwa imefika Tanga kabla mimi sijajua kwamba kuna ndoo. Kaka alikuwa anatafuta namba ya ubalozi. Mwanangu, ambaye sasa alikuwa na simu yake shuleni, alikuwa ameandika kwenye grupu kwamba yeye yuko salama na mama yake hajibu. Kwenye ujumbe wa Mama kulikuwa na tiki moja tu, na ile tiki moja ilikuwa imewakalisha watu wa nyumba nzima.

Mwaka 2005 Mama alipata kijana anayetweta, mchana, baada ya mambo kwisha. Safari hii alikuwa ndani ya tukio tangu mwanzo, pamoja nami, tena kabla yangu, akiitazama simu kwa dakika zile ambazo mimi nilikuwa nimesinzia kitini. Wanaosema teknolojia imetuondolea kusubiri nawakubalia kwa shingo upande. Imetufupishia, na imewagawia hata wale ambao zamani wangekuwa wanachambua mchele.

Maandishi Mama hayaamini. Anasema hata aliyeokota simu ya marehemu anaweza kuandika niko salama. Kwa hiyo sheria ya nyumba yetu ni kurekodi sauti, na kutaja mahali uliposimama. Haijali tukio limetokea wapi, maadamu ni Uingereza. Majuzi alisikia habari za Manchester, akanipigia nikiwa kwenye foleni ya benki.

"Mama, Manchester ni mbali na mimi."

"Kuliko Tanga?"