Masale ya Mpakani

Wasomaji wengi wakisikia habari ya vitu vya kale hufikiri magofu ya Kilwa. Sisi tuliozaliwa katika migomba ya Kilimanjaro twataka kuwaonyesha kitu cha kale kilicho hai bado, nacho ni sale.

Sale ni mmea wa shina jembamba na majani marefu. Wazee wetu waliupanda kwa mstari kuzunguka kihamba, na kila apitaye alijua mwisho wa fulani na mwanzo wa jirani yake. Tena haukuwa wa mpaka tu. Mkosaji akitaka msamaha alipeleka jani la sale, na kumkatalia lilikuwa jambo zito; hata mahali pa wahenga migombani palipandwa masale. Bwana Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani, alitoa kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga mwaka 1926. Lakini mipaka yao ilikuwa imekwisha kuandikwa shambani zamani.

Twakiri kosa letu. Tulipojenga ukuta wa nyumbani tulikata masale yaliyotuzuia, tukidhani ni magugu, nasi tumesoma! Tena kwa ajili ya mteremko ukuta ukapita ndani ya kihamba chetu, hatua tatu hivi. Baba alipofariki, mtoto wa baba mdogo akadai kwamba ukuta ndio mpaka. Hati hatukuwa nayo.

Ndipo mama mkubwa akasema, "Mwalimu, chimbeni. Sale halifi upesi." Tukachimba asubuhi nzima, tukaona mizizi yenye rangi ya machungwa, kisha kisiki, kisha kingine, vimefuatana sawasawa. Kimoja kilikuwa kinachipua.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hutaja vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863. Sale ni vigumu kuliingiza humo, maana shina la leo ni changa; kilicho cha kale ni mstari. Na siku hizi vijiji vyapimwa ili watu wapewe hati kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mpima ardhi huandika mpaka anaoonyeshwa. Akionyeshwa ukuta, ataandika ukuta.

Tumepanda masale mapya pale pale penye visiki. Ndugu yetu hajaja kuyatazama. Mama mkubwa ametuchumia jani moja, akasema kwamba si yeye wa kutuletea, ni sisi wa kumpelekea, kwa kuwa sisi ndio tuliokata kwanza. Jani lile li mezani petu hata sasa, juu ya madaftari ya watoto.