Utoto Unaokatishwa Mapema



Mzazi aliyekulia Mwanza au Kisumu kwa kawaida hakulelewa akikumbushwa rangi yake. Majirani, walimu na wachezaji wenzake walikuwa weusi kama yeye. Akihamia Marekani na kumpeleka mwanawe chekechea, anakuta mtoto wa miaka minne keshahukumiwa.

Mwaka 2014 Idara ya Elimu ya Marekani ilitoa takwimu za kutisha. Weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wa shule za awali, lakini asilimia 48 ya waliosimamishwa masomo zaidi ya mara moja. Watoto ambao hata kufunga viatu hawajaweza!

Miaka miwili baadaye, watafiti wa Yale wakiongozwa na Walter Gilliam waliwaonyesha walimu wa chekechea video za watoto wanne: mvulana na msichana weusi, mvulana na msichana weupe. Waliambiwa watafute dalili za utukutu, ingawa haukuwamo hata kidogo. Mtambo wa kufuatilia macho ulionyesha kwamba macho yao yalimganda mvulana mweusi. Walipoulizwa nani alihitaji kuangaliwa zaidi, asilimia 42 walimtaja yeye. Walimu weusi nao walimkazia macho.

Binti mweusi yuko upande wa pili wa dhuluma hiyohiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown wa 2017 ulibaini kuwa watu wazima humwona, tangu akiwa na miaka 5, kama anayehitaji kulindwa na kubembelezwa kidogo kuliko mzungu wa rika lake.

Na ndugu waliobaki nyumbani nao wana mchango wao. Bibi anapiga simu ya video, anamkuta mjukuu analia, anamwambia mwanamume halii. Dada mtu anasifiwa kuwa keshakuwa mama kwa sababu anamwogesha mdogo wake. Yanasemwa kwa mapenzi, lakini yanamwangukia mtoto ambaye shuleni tayari anahesabiwa mkubwa.

Wazazi wenye busara hujifunza kwa Wamarekani weusi, waliopambana na haya vizazi na vizazi: hawakosi kikao cha mwalimu, na mtoto akirudishwa nyumbani hudai sababu kwa maandishi. Usiku huwasomea watoto kitabu *Sulwe* cha Lupita Nyong'o, au *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats, kilichotoka 1962, ambamo mvulana mweusi anacheza tu kwenye theluji.

Basi bibi akipiga tena Jumapili, amwache mjukuu alie kwanza, kisha amuulize kilichomuuma.