Nondo wa Walikale

Mwaka 2021, wakati wa likizo, nilipanda pikipiki kutoka kwetu Masisi kwenda kumsalimu mjomba wangu huko Walikale. Ukishaiacha Nyabiondo nyuma, malisho ya ng'ombe yanapungua na msitu unazidi. Jioni ile ile, karibu na taa ya sola barazani, alitua nondo mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikampiga picha moja, akaruka.

Kwa Kiswahili cha kwetu huyo ni "kipepeo ya usiku". Neno "nondo" nilijifunza darasani, na mwenzangu aliyewahi kuishi Dar es Salaam akacheka, kwani huko nondo ni vyuma vya kujengea pia.

Chuoni nilitafuta jina lake kwa miezi. Nondo wakubwa hawasumbui sana. Bunaea alcinoe, aliyepewa jina na Stoll mwaka 1780, ana doa kama jicho katika kila bawa la nyuma. Wangu alikuwa wa kahawia tu, na wadogo wa kahawia ni wengi mno. Ikabidi nijifunze kuuliza: mistari ni mingapi? Imenyooka au imepinda? Kidoti kiko ukingoni au katikati? Kila swali lilinionyesha kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita. Mwishoni nikabaki na majina mawili, na tofauti yao iko upande wa chini wa mabawa, ambao sikuupiga picha.

Nikampigia mjomba simu.

"Mutoto wa dada," akasema, "weye unaangaliaka tu mabawa. Uliza kwanza mududu yake inakulaka muti gani. Kuya, nitakuonyesha."

Sikwenda. Nilikuwa na mitihani, na baadaye barabara ikawa ya vita. Machi 2025 M23 waliingia mji wa Walikale. Nilisikia kwamba mjomba alikimbilia msituni pamoja na majirani. Tangu siku hizo simu yake haipatikani.

Yale majina mawili nimeyafuta. Nimeandika nilichokiona: bawa la mbele la kahawia, mistari miwili myeupe, wa ndani umenyooka, wa nje umepinda kabla ya kufika ukingoni, kati yake kidoti kimoja cheusi. Taa ya barazani, Walikale, 2021. Mbele ya neno "mti" nimeacha nafasi. Hapo ni pa mjomba kujaza.