Mgongo na Tafsida

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika tafsida. Mtu wetu hakojoi. Huenda haja ndogo, na mbele ya mkwewe hata hilo halitamki, husema anatoka kidogo. Nimeupenda ustaha huo tangu utotoni, na sehemu kubwa ya raha ya ushairi wetu naiona humo. Lakini usiku mmoja huko Pasua, kusini mwa mji wa Moshi, nusura umnyime shemeji yangu miguu yake.

Nilikuwa nimevuka kutoka Unguja kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Mumewe hupakia magunia ya mpunga, na kiuno kilikuwa kikimuuma kwa wiki tatu. Hatukushtuka. Ni mtu mzima gani asiyepata kuumwa mgongo? Maumivu mengi ya namna hiyo hupoa yenyewe baada ya wiki chache, na kutembea taratibu huyafaa kuliko kulala kitandani. Nikamchua kwa mafuta ya karafuu niliyomchukulia kutoka kwetu, nikajiona tabibu.

Ijumaa asubuhi alikataa chai. Dada akanambia, "Kaka, shemejio mambo hayaendi sawa." Nikauliza mambo gani, akatazama chini. Nikadhani ni ya chumbani kwao, nikanyamaza kwa adabu. Kutwa nzima nilinyamaza.

Magharibi ilipoingia akaja jirani, bibi wa Kipare aliyewahi kuwa muuguzi. Hakuketi.

"Baba, mkojo unatoka?"

Shemeji akageukia ukuta.

"Ukijitawaza, unauhisi mkono wako?"

Kimya. Kisha, kwa sauti ndogo: "Tangu jana sihisi kitu, mama." Na miguu yote miwili ilikuwa ikimfa ganzi. Yule bibi akaniamuru nitafute gari saa ile ile, tusingoje kuche. Tukaupita mji tukipanda naye hadi KCMC, hospitali iliyo upande wa mlimani tangu mwaka 1971.

Huko ndiko nilikoelezwa. Ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo hukomea karibu na kiuno. Kutoka hapo huteremka neva nyingi, nyembamba, ambazo wataalamu wa kale waliziita kwa Kilatini mkia wa farasi. (Wao istiari waliitumia kufichua.) Kisahani kilicho baina ya pingili kikichomoka na kuubana mkia huo, mkojo huzuilika, au choo hutoka bila hiari, na ganzi huingia pale pale ambapo mpanda farasi hukalia tandiko. Hapo zinahesabiwa saa, maana neva iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isirudi tena. Mgongo unaoandamana na homa na kukonda ni habari nyingine. Huenda ukawa kifua kikuu cha uti, maradhi ya kupelekwa hospitali mapema, na Kibong'oto kule Siha wameuguza kifua kikuu tangu mwaka 1926. Ya shemeji yalikuwa ya usiku ule.

Alipasuliwa. Anatembea, kwa mkongojo. Mkojo haujamtii sawasawa, na mara nyingine hutumia mpira. Nilimuuliza daktari kama kutwa ile moja ingebadili kitu. Akaniwekea mkono begani, asinijibu.

Siku hizi nikipiga simu Pasua namuuliza kwanza habari za mkojo, ndipo za watoto. Mwanzoni alikuwa akikohoa tu. Sasa hujibu.