Safari yetu ya Unguja



Ndugu wasomaji, mwaka jana binti yetu wa miaka kumi na mmoja alirudi kutoka shuleni akagoma kula. Mwenzake darasani alimwita "umuswahili". Mnaoishi Rwanda mnaelewa. Mitaani neno hilo ni Mwislamu, lakini pia ni mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Ni uchafu wa tangu enzi za Wabelgiji, walipowatenga Waislamu katika kambi za Waswahili. Kiswahili kimefanywa lugha rasmi hapa 2017, ila uwanja wa shule hausomi sheria. Nasi tunakaa Kibagabaga, mbali na Biryogo, hivyo darasani kwake alikuwa peke yake.

"Baba, kwani sisi ni Waswahili?"

Sikuwa na jibu. Babu zangu ni Wanyarwanda watupu, na Kiswahili tulikipata madrasa.

Likizo ilipofika tukapanda basi Nyabugogo, tukavuka mpaka Rusumo, tukafika Dar es Salaam hoi bin taabani. Kesho yake boti, mwendo wa takriban saa mbili, na Unguja ikaonekana.

Karibu na bandari kuna jengo refu lenye roshani za mbao zilizochongwa, lililokuwa zahanati zamani. Lilianza kujengwa 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani. Huyo huyo alimkopesha Tippu Tip mali ya kuendea bara. Sikuwaficha watoto: misafara ile ilirudi na pembe za ndovu, na pia watu waliofungwa minyororo, na soko lao lilifungwa 1873. Mdogo wake akauliza kama waliowauza walikuwa Waislamu. Nikasema walikuwemo, ndiyo. Tukatembea kimya mpaka adhana ya Alasiri.

Mkahawa wa Kihindi tuliuingia kwa mashaka. Mama watoto aliuliza habari ya nyama kabla hata ya kuvuta kiti. Kumbe hawapiki nyama kabisa! Tukala dengu, chapati na achari ya embe iliyonitoa machozi. Dengu zilikuwa nzuri, lakini kwa kweli chumvi ilizidi.

Urojo tuliula jioni, kwa bibi mmoja mwenye meza yake uchochoroni. Supu ya manjano yenye ukwaju na embe mbichi, ndani yake bajia, kachori, viazi, vipande vya mishkaki, juu chatine ya nazi. Binti yangu akaona sambusa pembeni, akapiga kelele, "Kama za Biryogo!"

"Shikamoo bibi," alisema, baada ya kukonyezwa na mama yake.

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

"Kigali."

"Na Kiswahili hiki umekipata wapi?"

"Nyumbani."

"Basi wewe Mswahili mwenzetu," akasema bibi, akamwongezea bajia mbili.

Binti yangu alinitazama. Ni neno lile lile.

Usiku alitaka kujua sambusa zilifikaje kwetu. Nikamweleza ninavyojua: karne ya 19 wafalme wa Rwanda waliwazuia wafanyabiashara wa pwani, na ni baada ya Wajerumani kuingia, Kigali ikaanzishwa 1907, ndipo Waswahili na Wahindi walipokuja na maduka yao. Na dini pia. Ndiyo maana hata asiyejua Kiswahili Kimironko anasema iduka, na anakula capati.

Shule ilipofunguliwa nilimuuliza kama yule mwenzake bado anamwita vile.

"Bado. Lakini nimemwambia sambusa anayonunua kila siku ni ya Waswahili, na Waswahili waliipata kwa Wahindi."

"Akasemaje?"

"Akasema nisimharibie sambusa yake."