Ua la Usambara: Mwenyeji wa Amani, Mgeni wa Madirisha ya Ulaya

Juu ya vizingiti vya madirisha, katika nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani, pana chungu kidogo chenye mmea mfupi. Majani yake ni manene, yamejaa malaika kama shavu la mtoto mchanga, na katikati yake huchomoza maua ya rangi ya urujuani yenye vitone vya njano. Wajerumani huuita mmea huo urujuani wa Usambara. Wasemao Kiingereza huuita urujuani wa Afrika, kana kwamba Afrika yote ni kijiji kimoja. Wengi wa hao waumwagiliao maji kila wiki hawajui Usambara iko upande gani wa dunia.

Lakini tusiwacheke. Sisi wenyewe, tupitao Muheza na kununua machungwa dirishani mwa basi, ni wangapi kati yetu tujuao kwamba katika milima ile ya kijani iliyo upande wa magharibi ndiko ua hilo lilikozaliwa?

Safari ya kulitembelea kwao si ya gharama kubwa. Basi liendalo Tanga humshusha msafiri Muheza, na kutoka hapo ni mwendo wa kilomita zipatazo 35 hadi Amani, katika Usambara ya Mashariki. Mwanzo ni mashamba na michungwa na joto la pwani. Kisha hufika Sigi, kwenye lango la hifadhi, ambapo nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani ingali imesimama ijapokuwa reli yenyewe imekwisha kutoweka. Baada ya Sigi barabara hupinda na kupinda tena, gari huguna, na masikio huziba. Ghafla mtu hujikuta anatafuta sweta, ilhali saa mbili tu zilizopita alikuwa akijipepea kwa gazeti.

Amani yenyewe iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka. Wajerumani walianzisha hapo chuo cha utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia, ikiwamo miti ya kwinini. Ajabu ni kwamba waliposhughulika hivyo na mimea ya wageni, mmea uliokwisha kuwapatia sifa huko kwao ulikuwa ukiota bila ya kupandwa na mtu, kwenye mawe ya mitoni.

Mzee mmoja wa Kisambaa ndiye aliyetuongoza msituni. Tulipoanza kuangaza macho huku na huko kwenye nyasi za kando ya njia, alicheka. "Wanangu, msilitafute juani," alisema. "Fuateni maji, kisha tazameni jiwe lililo kivulini." Tukamwitikia, "Ndiyo, mzee," tukateremka nyuma yake hadi kwenye kijito. Hapo palikuwa na mwamba uliosimama wima, umevaa kuvumwani, nao umetiwa kivuli na miti mirefu kiasi kwamba adhuhuri ilifanana na magharibi. Juu ya uso wa mwamba ule, ambapo udongo haukuzidi unene wa kidole, maua yalikuwa yameshikilia.

Yafaa msomaji auweke mwamba ule moyoni, maana siri yote ya kuufuga mmea huu nyumbani imo humo. Mwamba umesimama, basi maji hupita wala hayatuami. Udongo ni haba, nao ni majani yaliyooza. Mwanga upo, lakini umechujwa na matawi. Hewa ina unyevu mchana na usiku, na hakuna baridi kali wala joto kali. Hali kadhalika tuliona aina itambaayo, ile ambayo wataalamu waliipa jina la grotei. Hii haikai kama kikombe kilichofunuka, bali mashina yake hurefuka na kutambaa juu ya jiwe, yakitoa mizizi yapatapo ufa. Ukiitia katika chungu cha kuning'iniza, huteremka pande zote kama pazia.

Historia ya kuondoka kwa ua hili nchini ni fupi. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alikwisha kupeleka mmea uliokaushwa kwenye bustani ya Kew mwaka 1884. Mchungaji W. E. Taylor wa Mombasa, yule yule mkusanyaji wa methali na mashairi ya Kiswahili, alipeleka wake mwaka 1887. Mimea ile mikavu haikutosha kutambulika, ikalala makabatini. Ndipo mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika sehemu za Tanga, alipompelekea baba yake mbegu. Alikuwa ameuona mmea huo mahali pawili: kwenye miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na huko mlimani katika msitu wa Derema. Baba alimkabidhi Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Kwa hiyo jina la ua likawa ni jina la ofisa. Wasambaa, walioishi nalo tangu enzi na enzi, hawakuulizwa.

Mwaka huo huo wa 1893, mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge katika pwani ya Tanga, miche 62 tu ikiwa ndiyo iliyosalimika safarini. Mkonge ukaja kwa jasho la manamba, ua likaenda kwa bahasha. Mwaka 1927 kitalu cha Armacost & Royston, mjini Los Angeles, kilianza kuuza aina zilizochaguliwa kutokana na mbegu za Ulaya, na tangu hapo biashara haikurudi nyuma. Wamarekani wakaunda chama chao cha wapenzi wa ua hilo mwaka 1946. Leo wapo weupe, waridi, wekundu, wenye petali zilizokunjamana kama rinda la bibi harusi. Asili ya wote hao ni miamba kama ule tuliouona. Wataalamu, tangu mwaka 2015, wameuhamishia mmea huu katika ukoo wa Streptocarpus, lakini wauza maua hawajashughulika na mabadiliko hayo.

Huku nyuma, mwenyeji amekuwa na taabu. Mmea huu hauwezi kuhama. Mti ulio juu yake ukianguka, jua huingia, mwamba hukauka, na kundi zima la maua hufa katika msimu mmoja wa kiangazi. Na miti imeanguka kwa sababu nyingi: mashamba ya chai, mbao, na iliki. Iliki hupendeza machoni, kwani hulimwa chini ya miti na msitu huonekana kana kwamba ungali upo. Lakini vichaka vya chini hufyekwa, miti michanga haipati kukua, na ardhi ikichoka hatimaye hata ile mikubwa hukatwa ili papandwe mahindi au mihogo. Serikali iliitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Hata hivyo, mnamo mwaka 2004 wachimbaji wa dhahabu walivamia mito ya huko, wakaigeuza kuwa tope.

Jambo la Derema ni gumu zaidi, na sitaki kulipita upesi. Derema ile ile ya Baron ndiyo iliyokuwa imejaa iliki za wanavijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliamuliwa kwamba sehemu hiyo iingizwe hifadhini ili iunganishe misitu ya Amani na ile ya kaskazini. Wakulima walilipwa fidia, wakaiacha mibuni ya fedha zao, maana iliki kwao ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Wapo walionung'unika kwamba fidia haikulingana na walichopoteza. Mimi naona walikuwa na haki ya kunung'unika. Naona pia kwamba bila ya msitu ule mto Zigi ungepungua, na mto Zigi ndio uwapao maji wakazi wa jiji la Tanga. Ikiwa mtu wa mjini hunywa maji ya kivuli kilichotunzwa na mkulima wa mlimani, basi ni haki mkulima huyo asiachiwe peke yake gharama ya kukitunza. Kuhusu mamilioni yaliyopatikana ng'ambo kutokana na bahasha ile ya mwaka 1892, sijasikia hata senti iliyorudi Derema.

Sasa tuje nyumbani. Msomaji atakayependa kulifuga ua hili asiling'oe msituni. Sheria inakataza, na zaidi ya hayo ua lililong'olewa mwambani aghalabu hufa kabla ya kufika mjini. Atafute kwa wauza miche wa mijini, au amwombe jirani jani moja. Naam, jani moja latosha.

Chagua jani lililokomaa lakini si kuukuu. Likate pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimita tatu au nne, kwa kisu kikali na kwa mshazari. Lichomeke katika kopo lenye mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, ulifunike kwa mfuko mwangavu, na uliweke kivulini. Baada ya miezi miwili hivi utaona vichipukizi mithili ya masikio ya panya vikitokeza chini ya kikonyo. Vikifikia ukubwa wa kushikika, vitenganishe. Maua huweza kutoka kabla mwaka haujatimia.

Wengi huua mmea huu kwa mapenzi, yaani kwa maji. Usiumwagie maji juu ya majani wala katikati ya moyo wake, kwani moyo huoza. Weka chungu katika sahani yenye maji kwa nusu saa, unywe kutoka chini, kisha uyamwage yaliyosalia. Subiri hadi uso wa udongo ukauke ndipo urudie. Maji ya friji ni adui, huacha mabaka kwenye majani. Tumia yaliyolala ndani ya nyumba usiku kucha, jambo ambalo pia hupunguza dawa iliyomo katika maji ya bomba. Vumbi lisifutwe kwa kitambaa, bali kwa brashi laini.

Udongo wa shambani ni mzito mno. Changanya majani yaliyooza vizuri, mchanga mkavu wa mtoni, na chembechembe za mkaa. Chungu kiwe kidogo, upana wake kama theluthi ya upana wa mmea. Kwa aina itambaayo, tumia chombo kipana kisicho na kina, wala usivipunguze vichipukizi vya pembeni, maana hivyo ndivyo vitakavyojaza chombo na kuteremka.

Wakazi wa Lushoto, Arusha, Iringa na Mbeya hawatapata shida. Shida ni yetu sisi wa Dar es Salaam na Tanga mjini, ambako alasiri za Januari na Februari hupita nyuzi 30, ilhali mmea huu hupenda kati ya 18 na 26. Dawa yake inajulikana na kila bibi mwenye mtungi. Chukua chungu cha udongo kilicho kikubwa, ukiweke kile kidogo ndani yake, na ujaze mchanga uliolowana katikati. Maji yakivukizwa, hupoza. Kiweke chombo hicho karibu na dirisha la mashariki lipatalo jua la asubuhi, mbali na jiko, kwa kuwa moshi na gesi huangusha maua. Ukiona kama pamba nyeupe kwenye maungio ya majani, hao ni vidung'ata. Waguse mmoja mmoja kwa kijiti kilichochovywa katika spiriti.

Usipopata maua, usikimbilie mbolea. Tazama mwanga kwanza. Majani yakisimama juu na vikonyo vikirefuka, mmea unatafuta nuru. Yakipauka na kujikunja chini, umezidiwa nayo. Uusogeze kwa kadiri ya hatua moja tu, kisha uungoje wiki tatu.