Deni Tuliloliacha Same

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, tulisafiri na watoto wetu kwa basi kutoka Tanga kwenda Moshi. Njia hiyo hupita chini ya milima ya Upare, na mji wa Same uko katika nchi kavu, maana milima huzuia mvua itokayo upande wa bahari. Lakini soko lake lina neema. Ndizi, maparachichi na tangawizi huteremshwa kutoka mlimani, ambako Wapare tangu zamani walichimba ndiva, yaani mabwawa ya kukusanyia maji, ili yafunguliwe kwa zamu kumwagilia mashamba.

Basi liliposimama Same, wachuuzi walilizunguka. Tukamwita mama mmoja mwenye beseni la maparachichi. Alitaka shilingi 5,000 kwa kumi. Tukamshusha hata 4,000, tukajiona hodari. Tulikuwa tumekwisha kuyapokea dirishani, nasi tungali tukipapasa mfukoni, mara dereva akaondoa gari. Mama yule alikimbia hatua chache, kisha akasimama. Tulipiga kelele, wala basi halikusimama.

Mtoto wetu mdogo akauliza, "Baba, haya ni yetu?" Hatukuwa na jibu.

Wapenzi wasomaji, mara nyingi tumewasomesha watoto wetu Sura ya Al-Mutaffifin, nasi tukidhani kuwa yawaonya wenye maduka na mizani tu. Kumbe yawataja watu ambao wakipokea kwa wenzao hutaka kipimo kamili, na ikiwa zamu yao ya kutoa, hupunguza. Sisi tulipokea kamili, tena kwa bei tuliyoipunguza, wala hatukutoa kitu.

Huko Moshi maparachichi yakaiva. Kuyaacha yaoze kusingemlipa mtu, basi tukayala, huku tukiwaambia watoto kuwa tunakula deni.

Wakati wa kurudi tuliteremka Same, tukaliacha basi liende zake. Tulimkuta mama yule mahali pale pale. Tulipomwamkia na kumweleza habari, alitutazama kitambo, kisha akasema, "Maparachichi yale hayakuwa yangu, baba. Niliyachukua kwa mkulima wa mlimani kwa mali kauli. Jioni ile nilimlipa kwa fedha niliyoiweka ya unga."

Maneno hayo yalituchoma. Tulidhani tumechukua matunda, kumbe tulichukua chakula cha jioni cha watoto wa mtu. Tukampa shilingi 5,000, bei aliyoitaja mwanzo. Akazipokea, akafungua fundo la kanga yake, akaturudishia 1,000. "Tulipatana elfu nne," akasema. Tulimsihi azichukue zote, akakataa.

Enyi vijana, mkisafiri, toeni fedha mfukoni kabla ya kumwita mchuuzi, wala msibishane naye bei hali mwaona dereva ameshika usukani. Na basi likiwakimbiza, jueni kwamba deni halibaki kituoni. Lasafiri pamoja nanyi. Yule aliyesimama juani na beseni lake huenda naye ana mtu anayemdai huko mlimani.

Mtoto wetu alinunua ndizi kwa ile shilingi 1,000. Alilipa kwanza, kisha akanyosha mkono kupokea.